Mahindi ya Bei Chee

Mtaa mzima ulimwita Mama Kibaba, na hakuitwa hivyo kwa dharau. Katika mji ule mdogo kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa, hakuna aliyejua kuufikisha mwezi ukingoni kwa pesa kidogo kama yeye. Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Watoto walikuwa wanne, mama mkwe alikaa nao, na kipato cha nyumba kilitegemea pancha za watu wengine.

Ubanaji wake haukuwa wa kunyima. Wapo wanaojisifu kwamba wanabana matumizi, kumbe wanabana matumbo ya wenzao. Kwa Mama Kibaba watu walishiba, na wageni walishiba. Alichobana ni upotevu.

Maharage yake yalilala kwenye maji usiku kucha. Asubuhi aliyamwaga yale maji, akayabandika kwenye maji mapya, akayaacha yachemke kwa nguvu kama nusu saa. Kisha aliipua sufuria na mfuniko wake, akaitumbukiza ndani ya kapu kubwa alilolitandika kwa ndani vipande vya blanketi na nguo zilizochakaa, akafunika juu kwa mto. Maharage yaliendelea kuiva humo kwa joto lao wenyewe mpaka mchana, bila kaa hata moja kuwaka. Majirani walimcheka mwanzoni. Bei ya mkaa ilipopanda, walikuja mmoja mmoja kuuliza kapu lile linashonwaje.

Mafuta nayo. Wanawake wengi wa mtaa ule walinunua mafuta ya kupima, kipimo kimoja kila jioni, chupa mkononi. Anayenunua hivyo hulipa zaidi kwa lita ileile, na mwenye duka analijua hilo vizuri kuliko mteja wake. Huu ni uonevu wa kimyakimya: mwenye pesa ndogo ndiye anayeuziwa ghali, kwa sababu tu hawezi kutoa pesa ya lita nzima kwa mara moja. Mama Kibaba aliwakusanya wenzake watatu, wakachanga, wakanunua dumu la lita 20 la alizeti kwa mwenye kinu cha kukamulia, wakagawana mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyedhulumiwa.

Msimu wa mvua alichuma mlenda, akaukausha kivulini, akautwanga na kuuhifadhi. Kiangazi kilipofika na mchicha ukawa wa kutafuta, yeye alipika mlenda kwa karanga, ukashuka na ugali vizuri kabisa. Hizo karanga alizinunua zikiwa nzima, akazichagua kwa mkono. Za unga hakuzigusa. Karanga mbovu, alisema, husagwa ili zisionekane. Maneno hayo yaweke akilini, msomaji, kwa sababu mwanamke huyu alijua alichokuwa anakisema.

Unga wake ulikuwa wa dona. Sembe aliiita unga wa watu wa ofisini: unailipia mashine kwanza ikoboe, halafu unailipia tena isage, na katikati ya safari hizo mbili umeshapoteza pumba na kiini, yaani sehemu yenye mafuta na virutubisho vingi. Alikuwa sahihi. Kwa mahindi mazuri, dona ni chakula bora na pia ni nafuu. Kwa mahindi mazuri.

Kila mwaka, mwezi wa sita au wa saba, alinunua magunia matatu ya mahindi. Huo ndio wakati wa kununua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, mavuno yanashuka kwa pamoja, na bei inashuka nayo. Anayesubiri mpaka Januari au Februari atakuta debe linauzwa kama dawa. Basi alikuwa anaweka akiba kwenye kikundi chao cha vikoba, anaitoa mahindi yakianza kuingia sokoni, ananunua, analala usingizi.

Mwaka ninaousimulia, mvua zilichelewa kuondoka. Mahindi mazuri yalisimama kwenye shilingi 45,000 kwa gunia. Jioni moja likaja lori, mwenye mzigo akiwa na haraka ya kurudi alikotoka. Kwake gunia lilikuwa 33,000.

“Mbona bei hiyo?” Mama Kibaba aliuliza.

“Yameonja mvua kidogo njiani, mama yangu. Turubai lilichanika. Ukiyaanika siku mbili, unayo mpaka mvua zijazo.”

Akachovya mkono kwenye gunia la juu, akatoa punje, akaing’ata. Ikalia. Punje kavu hulia chini ya jino, wazee wamepima hivyo miaka yote. Lakini alikuwa ameng’ata punje ya juu ya gunia la juu, lililoshinda juani tangu asubuhi. Gunia la chini hakuling’ata. Tofauti ya bei kwa magunia matatu ilikuwa shilingi 36,000, na kichwani mwake pesa hiyo ilikuwa imeshageuka sare za shule na madaftari kabla hata hajafungua pochi. Hivyo ndivyo bei ya chini inavyofanya kazi: humnyamazisha hata mtu anayejua. Angeletewa karanga zilizoloa, angemfukuza muuzaji kwa ufagio.

Aliyaanika, ndiyo. Aliyaanika uani, juu ya udongo mtupu, kwa kuwa turubai la kukodi lilikuwa gharama nyingine. Siku ya kwanza jua liliwaka. Siku ya pili mawingu yakatanda. Usiku aliyafunika kwa khanga na mikeka, umande ukapenya, na udongo wa chini ukarudisha unyevu kwenye punje. Siku ya tatu mbuzi wa jirani waliingia, wakala na kutawanya, naye akaona hasara ya mbuzi ni kubwa kuliko hasara ya unyevu. Akayajaza kwenye mifuko ya sandarusi, akashona midomo, akaipanga juu ya sakafu ya udongo, imeegemea ukuta wa chumba cha watoto.

Kuna kipimo ambacho kingemgharimu konzi moja ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu kidogo, tia mahindi mpaka chupa ifike kama robo au theluthi, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi, hayafai kuhifadhiwa. Kuta zikibaki safi, yanafaa. Maafisa ugani wamekuwa wakifundisha kipimo hiki kwa miaka, na ni sahihi kuliko jino. Wataalamu wanataka mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Jino haliwezi kusoma asilimia, na hasa haliwezi kusoma gunia ambalo halijafunguliwa.

Mwezi wa nane gunia la kwanza lilikuwa limeisha bila shida kubwa. Alipofungua la pili, mkono uliozama katikati ya mahindi ulikuta vuguvugu. Harufu ilikuwa ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Na kwenye kiini cha punje, pale palipochongoka, palikuwa na vumbi la rangi ya kijani iliyopauka.

Kuvu wa namna hiyo, na anayeogopwa zaidi ni Aspergillus flavus, hutengeneza sumu inayoitwa sumukuvu. Dunia iliijua kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, na bata wa kawaida nao wakafa, mpaka wachunguzi walipofuatilia chakula chao na kuifikia shehena ya mashudu ya karanga kutoka Brazil. Sumu yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni kuvu, na unaweza kumfuta kuvu ukaiacha sumu. Haina ladha ya kutegemea. Kubwa kuliko yote, haifi jikoni: joto la sufuria ya ugali halifiki linalohitajika kuivunja.

Mama Kibaba hakuyajua haya yote, lakini alijua kwamba mahindi yale hayakuwa sawa. Akayapepeta. Akaziondoa punje zilizooza waziwazi, zilizovunjika na zile nyepesi. Kwa hatua hiyo alistahili pongezi, maana punje chache mbovu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu, na kuchambua kwa mkono huipunguza kweli. Kukoboa kungepunguza tena, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda la nje na kiini. Lakini gunia lilikuwa limeshapungua kwa kuchambuliwa, na kukoboa kungelipunguza zaidi. Kwa hiyo aliyaosha yaliyobaki, akayaanika vizuri safari hii, akayapeleka mashine yasagwe dona.

Na zile punje mbovu? Hakuna kilichotupwa katika nyumba ile. Alizipondaponda, akawapa bata na kuku.

Vifaranga wa bata walikuwa tisa. Waliacha kula, wakaanza kuyumba, wakafa ndani ya wiki moja. Kuku walizubaa kidogo, wakaacha kutaga, lakini walikuwa hai. Jirani mmoja alisema ni kideri, chanjo hamkuchanja. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mboga, aliinua uso.

“Kideri gani hicho kinachoua bata na kuacha kuku? Mimi nimefuga tangu usichana wangu. Kideri kinafagia kuku, bata anabaki anatembea.”

Hakuna aliyemjibu. Bibi kizee akisema jambo la kweli kwa sauti ndogo, nyumba nyingi huendelea na shughuli zake. Yeye hakuwahi kusoma habari za Uingereza za mwaka 1960, lakini alikuwa amesimama mbele ya ushahidi uleule, na aliusoma sawasawa.

Habari hizi hazikuwa ngeni mkoani. Katikati ya mwaka 2016 watu walianza kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto zikiwemo: macho ya njano, matumbo kuvimba, kutapika. Mwanzoni ulisemwa kuwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ukaonyesha mahindi. Waliougua walikuwa 68, na 20 walifariki. Kenya ilikuwa imepitia njia hiyohiyo mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, ambako wagonjwa walikuwa 317 na waliofariki 125. Mtaani kwa Mama Kibaba watu walizisikia habari za 2016 redioni. Walisema ni mambo ya Chemba huko.

Mtoto wa tatu, wa darasa la pili, ndiye aliyetangulia. Alikataa chakula, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwahi kutokea. Mama yake alidhani ni malaria, akamnunulia dawa dukani. Siku ya nne weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka rangi ya manjano, na tumbo limejaa. Walimpeleka zahanati, zahanati ikawapeleka kituo cha afya, na kituo kikawaandikia rufaa ya hospitali ya mkoa usiku uleule.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, na aliuliza maswali ambayo Mama Kibaba hakuyatarajia. Mnakula nini kila siku? Unga mnanunua au mnasaga? Mahindi mnayahifadhi wapi? Nyumbani kuna mifugo? Kuna iliyokufa karibuni?

Aliposikia habari za bata, aliweka kalamu chini.

Sumu hii haina dawa ya kuiua ikiwa mwilini. Kinachofanyika ni kuiondoa kwenye sahani, kumsaidia mgonjwa apate maji na lishe, kufuatilia ini lake na kusubiri. Mtoto alikaa wodini wiki tatu. Alipona, na nalisema hilo mapema ili msomaji asiendelee kwa hofu. Mdogo wake aliugua kidogo, akapona haraka. Lakini daktari hakuwaficha jambo moja: wanaougua ghafla ni wale waliopata kipimo kikubwa kwa muda mfupi. Wanaokula kidogokidogo, miaka nenda miaka rudi, hawaoni macho ya njano wala tumbo kuvimba. Hao sumukuvu huweza kuwapa saratani ya ini baadaye, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwa watu wanaokula ugali mchana na usiku, kidogokidogo hiyo si kidogo.

Afisa afya na afisa kilimo walifika nyumbani, wakachukua sampuli kwenye magunia. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi, na mikrogramu ni sehemu ya milioni moja ya gramu. Mahindi ya Mama Kibaba yalikuwa yamekipita kiwango hicho kwa mbali sana. Afisa kilimo alieleza pia jambo lililomshtua mama kuliko namba: ng’ombe wa maziwa akilishwa mahindi ya namna hiyo, sumu hutoka kwenye maziwa ikiwa imebadilika sura tu. Jirani mwenye ng’ombe alikuwa amechukua kisado kimoja cha zile punje mbovu zilizopondwa wiki mbili nyuma. Alikilipia kwa maziwa, na maziwa hayo yalinywewa na mtoto wa mwisho.

Hesabu waliipiga baadaye, mume na mke, kwa kalamu ya mtoto kwenye daftari la shule. Nauli za Dodoma mjini, kwenda na kurudi. Chakula cha anayemlinda mgonjwa. Vipimo. Banda la baiskeli lililofungwa siku nyingi, wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Mkopo wa vikoba na riba yake. Vifaranga tisa wa bata. Walipofika kwenye mstari wa ile 36,000 iliyookolewa sokoni, mume alikuwa na adabu ya kutoiandika. Wala hakumlaumu mkewe, na mimi nadhani alifanya vyema. Yeye mwenyewe alikuwa amelisifu gunia lile la bei chee mbele ya wenzake kijiweni.

Kilichobaki kilikuwa gunia moja na nusu. Afisa kilimo aliagiza yasiliwe, yasiuzwe, yasilishwe mifugo, yafukiwe shimoni mbele ya mjumbe. Hapo ndipo Mama Kibaba alipopata shida ambayo hata hospitalini hakuipata. Kutupa chakula! Mkono wake haukujua kufanya kazi hiyo. Usiku alihesabu tena na tena kilo ngapi zimo mle.

“Tungeyakoboa,” mume alisema, “tukayachambua upya…”

“Cha kuvunda hakina ubani,” mama mkwe alikata. “Na safari hii mnisikilize.”

Wakachimba shimo. Kabla mjumbe hajafika, alikuja mama mmoja mpika pombe wa mtaa wa pili, amejifunga khanga kiunoni na ndoo kichwani. Habari zilikuwa zimemfikia.

“Shoga, nasikia unafukia mahindi. Niachie mimi. Nakupa 15,000 kwa lile zima, na hilo nusu nitakuongezea 5,000.”

Shilingi 20,000. Mama Kibaba aliuona mkopo wa vikoba ukipungua. Akauona pia mkono wa yule mwenye lori, ambaye bila shaka naye aliuziwa na mtu aliyekuwa akiokoa chake.

“Yana sumu,” alisema.

“Pombe inachemshwa, shoga! Inachemka mpaka inafoka. Sumu gani itabaki humo?”

“Hata ugali wangu ulichemka.”

Mpika pombe alimtazama kidogo, akajitwika ndoo yake, akaaga kwa heshima. Hakurudi njia aliyojia. Alishika ile ya kushoto, akaingia nyumba ya tatu, ambako nako yalikuwepo magunia ya lori lilelile.